Wosia kwa wajukuu wa Kwale mnaoishi bara



Wajukuu zangu mlioko Kibaha, Mlandizi, Kisarawe na Maneromango,

Umri umekwenda, nami napenda kusema nikiwa bado na akili zangu. Kwanza jueni kwamba wosia huu si wa mali. Minazi yangu kule kisiwani itagawiwa kwa mirathi, kila mtu na fungu lake kama Mwenyezi Mungu alivyokwisha kulipanga. Mrithi hausiwi mali, na hata asiye mrithi hausiwi zaidi ya theluthi. Ninachowaachia ni maneno, na maneno hayana theluthi, chukueni yote.

Kwetu ni Kwale. Si Kwale ya Kenya, ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya Kisiju, jirani na Koma. Nyinyi kwenye fomu mnaandika Mkuranga. Sisi tuliandika Kisarawe, kwa kuwa Mkuranga ilimegwa kutoka Kisarawe mwaka 1995. Kabla ya hapo Kisarawe ilikuwa na bahari yake. Mtu wa kisiwani akiitwa bomani, alivuka hadi Kisiju, akatafuta gari, mwisho akapanda vilima vya Pugu. Wengine hawakurudi, walioa kule, wakapewa shamba la mikorosho, na hao ndio babu zenu wa Kisarawe. Mimi nilifuata kazi Kibaha. Basi asikwambieni mtu kwamba aliyezaliwa Tumbi hapa Kibaha hana haki ya kusema kwetu ni baharini.

Wala msidhani kisiwani ni pa watu waliokosa pa kwenda. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua Kwale vigae vya vyungu vya watu walioishi pale zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watu hao, kama sisi, walilazimika kujua jambo moja ambalo mtu wa bara anaweza kuishi mpaka afe bila kulijua: kisiwani kila kitu kina kipimo, na kipimo hicho hakiandikwi popote. Anakijua anayekaa.

Nianze na maji. Kibaha mnafungua bomba, maji ya Ruvu yanamwagika, na hakuna anayejiuliza yametoka milima ya Uluguru au wapi. Kisiwani maji ni ya mvua tu. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake huko chini. Kwa hiyo kisima cha kisiwani huchimbwa kifupi. Ukiona maji, acha jembe. Ukiendelea kwa tamaa ya kupata mengi, unaifikia chumvi. Maji yenyewe huchotwa kwa ndoo ndogo, polepole, na jioni kisima huachwa kipumzike. Bibi yenu kila akichota, kabla ya kujaza ndoo huweka tone ulimini. Akisikia ladha imegeuka, huwaambia wenzake, na kisima kile hakiguswi mpaka mvua inyeshe. Siku hizi mtu huja na pampu ya petroli, akavuta maji ya mwezi kwa asubuhi moja. Chumvi hupanda kujaza pengo, na kisima kikishakuwa cha chumvi hakirudi upesi. Choo nacho kisichimbwe karibu na kisima. Mchanga haujui kuzuia uchafu, na kipindupindu hakihitaji nauli ya mashua.

La pili ni mchanga. Ufuo hautulii. Kusi likivuma, tangu Aprili hadi Septemba, hula upande mmoja na kurundika upande mwingine. Kaskazi likija, sehemu ya ufuo ulioliwa hurudi. Wazee hawakujenga ukingoni, na nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na makuti. Bahari ikisogea, nyumba ilisogezwa. Nyinyi mnataka matofali, nami siwakatazi. Ila tofali lisifyatuliwe kwa mchanga wa ufuoni, na nyumba isiwe karibu na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji. Wengine huiona sheria hiyo kuwa ya kuwasumbua watu, lakini kwa kisiwa ni adabu ya kawaida. Na msing'oe mlakasa unaotambaa mchangani, wala msikate mivinje. Mizizi hiyo ndiyo inayoushika mchanga. Mikoko vilevile. Mkandaa na mkoko hukatwa kwa kuchagua, tena kwa kibali. Ukiufyeka ukanda mzima, wimbi linakuja moja kwa moja mpaka mlangoni.

Anayebisha mwulizeni habari ya Maziwe, karibu na Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walipanda kutaga huko kwa wingi kuliko mahali pengi pa pwani yetu. Miti ikaisha, na mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ikakimeza. Leo maji yakitoka unaona fungu la mchanga, yakijaa huoni kitu. Na bahari haishi zinge: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, hapo hapo jirani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, mashua zivutwe juu. Asiondoke mtu kwa kusema babu alivuka kwenye upepo mkali zaidi. Babu alivuka kwa kuwa hakuwa na redio.

La tatu ni riziki. Pweza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua upesi sana, na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake, kisha akafa. Ukimchokoa akiwa mdogo umepata nusu kilo na umepoteza kizazi. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji waliamua wenyewe kuufunga mwamba wao kwa miezi kadhaa, kisha kuufungua siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, na pweza waliotoka walikuwa wakubwa. Jambo hilo halikuhitaji fedha nyingi wala mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Lilihitaji watu wa mwamba mmoja kukubaliana, na kila mmoja kumwamini mwenzake kwamba hatakwenda usiku.

Kuvua kwa baruti ni haramu ya kisheria na haramu ya dhamiri. Huua mkubwa, mdogo na mayai, huvunja matumbawe ambayo huenda yasirudi katika umri wenu, na samaki wengi hata hawaokotwi, huzama. Na hapa nyinyi wa bara mna sehemu yenu. Samaki wa baruti anajulikana: mpasue, utakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, mfupa umevunjika, nyama imelegea ingawa macho bado maangavu. Mkimwona sokoni Maili Moja, mezani kwa muuzaji, msimnunue hata akipunguzwa bei. Anayelipua hulipua kwa kuwa mnunuzi yupo.

La nne ni ardhi, na hapa nisikilizeni kwa makini zaidi. Atakuja mtu, mpole, mwenye kuamkia wazee, amebeba fedha. Atasema anataka kipande cha ufuoni tu, na kwamba hakuna haja ya kuwasumbua watu kwa mkutano. Mwambieni mkutano mkuu wa kijiji ndio mwenye neno, kisha mwombeni muhtasari wenye majina na sahihi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavitaja visiwa vya baharini miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari, pamoja na mikoko na matumbawe. Aliyeitunga alijua kwamba ardhi ya namna hii haivumilii kila matumizi. Sisemi kila mgeni ni mbaya. Nasema mgeni hajui kipimo cha kisima, na hana sababu ya kukijua, kwa kuwa kikiharibika yeye ana pa kwenda.

Lakini wajukuu zangu, haya nayasema kwenu pia. Mnaweza msiuze hata mnazi mmoja na bado kisiwa kikawapotea. Mwenye minazi asiyejua maji ya bamvua yanafika wapi, asiyewajua majirani kwa majina, asiyehudhuria mkutano hata mmoja, huyo naye ni mgeni, tofauti yake ni kwamba amerithi. Siku ya kuamua kufunga mwamba hatakuwapo, na siku ya kuupinga mkataba mbaya hatakuwa na sauti. Hati ya ardhi haihudhurii mkutano.

Kwa hiyo nawausia hivi. Kila mwaka mmoja wenu akakae Kwale, si kutembea, kukaa: mwandamo hadi mwandamo, aone bamvua mbili na maji mafu mawili. Pangeni zamu, na wanawake wasirukwe, maana visima na pweza ni wao wanaovijua zaidi. Watoto wafundishwe kuogelea kabla ya kufundishwa kuvua. Mkivuka kutoka Kisiju, msipande chombo kilichojaa kupita kiasi hata nahodha akiwa mjomba wenu, na kila mmoja awe na boya. Mnaoikumbuka meli ya MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011, hamhitaji maelezo.

Mikutano ya kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Aliye zamu aende, akae mbele, aulize. Akirudi awasimulie wengine: maji yalikuwaje, ufuo umeliwa wapi, nani amefariki, nani amekuja na fedha. Mkigombana kuhusu minazi, na mtagombana, gawaneni nazi kwanza ndipo mjadili mashina.

Mimi nizikeni popote nitakapofia, Kibaha au kwingine. Msinivushe kwa mashua wakati wa kusi ili tu nilale Kwale. Mwenye kutaka kuniheshimu, aanze yeye zamu ya kwanza, likizo ya Desemba hii.

Wasalaam,
Babu yenu,
Kibaha