Ua la Kwetu Lenye Jina la Ugeni

Kila nitajapo krokosmia, wenzangu bwenini hucheka: "Aka! Hayo si maua ya Wazungu?" Hasha! Krokosmia ni mwana wa Afrika hasa, wa ukoo mmoja na gladiola. Ile iitwayo aurea, yenye maua ya rangi ya dhahabu yanayoinama, hujiotea vivulini ukingoni mwa misitu, tangu Afrika Kusini hadi Tanzania. Pottsii, yenye maua membamba, kwao ni kando ya vijito vya Afrika Kusini. Masoniorum nayo utaitambua upesi: maua yake hutazama juu, kama yanayoomba mvua.

Basi ugeni ulitoka wapi? Mnamo 1880 hivi, Mfaransa mmoja wa mji wa Nancy, Victor Lemoine, aliozesha aurea na pottsii. Akazaliwa chotara wa rangi ya chungwa ambaye alisambaa duniani. Katika miaka ya 1960, Mwingereza Alan Bloom naye akatoa 'Lucifer', jekundu kama pilipili iliyoiva, lenye kimo cha mita moja na zaidi. Jina lisikutishe, halina uchawi!

Huyo chotara wa Lemoine ndiye aliyeko kwetu, nyanda za juu. Nyanya alipewa vitunguu vyake vitatu tu na jirani. Lakini chini ya ardhi vitunguu hivyo huzaana, kimoja juu ya kingine, mithili ya shanga uzini. Ukivuta, uzi hukatika na kila kilichobaki huota upya. Punde si punde, majani kama panga yakawa katikati ya sukuma wiki za Mama.

"Maua hayaliwi! Yang'olewe yote," Mama akaamua. Nyanya akanuna. Kwa wiki mbili nzima wakawa wanasalimiana tu, nami nikiwa katikati kama mpira wa kona. Mwishowe nilichimba mtaro langoni, nikaupanga mawe pande zote, nikahamishia maua humo. Kila mwaka hupunguza vitunguu, nikavianika juani hadi vikauke kabisa. Mama na Nyanya sasa hunywa chai pamoja.

Ndiyo sababu muhula huu, wanachama wenzangu walipopendekeza tupande chotara huyo kando ya kijito nyuma ya jikoni, nilisimama nikapinga. Maji yatabeba vitunguu hadi mashamba ya watu! Huko New Zealand mmea huu huhesabiwa kuwa gugu, na Uingereza ni kosa kisheria kuupanda porini. Wengine waliniita mchoyo. Potelea mbali! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sikatai maua, jamani. Nasema yapandwe mbele ya ofisi, penye jua na ukingo wa mawe, mbali na maji. Mwalimu ataamua baada ya likizo fupi. Nawe mwenzangu, ungeyapanda wapi? Niambie tukutanapo chamani.