Njia ya Magari ya Ng'ombe Iliyoachwa Porini

Msafiri ashikaye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi hupita mji mdogo uitwao Mackinnon Road, baina ya Samburu na Voi. Wengi hulisoma jina hilo kibaoni wala hawaulizi njia yenyewe iko wapi.

Njia hiyo ilikuwako kweli. Sir William Mackinnon ndiye mwanzilishi wa Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati mwaka 1888. Siku hizo bidhaa za bara zilichukuliwa na wapagazi, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Mwaka 1890 Kampuni ikaanza kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea Kibwezi. Fedha zikaiishia, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi. Ndipo Kapteni Sclater alipotumwa kuiendeleza njia kutoka Kibwezi, kupitia Ukikuyu na Eldama Ravine, hata upande wa Busia. Yeye mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1897.

Mbona njia iliyokula jasho jingi hivyo ikaachwa? Sababu ya kwanza ni mbung'o. Gari la ng'ombe pasipo ng'ombe ni kuni tu, na katika nyika ile mbung'o waliwaua maksai. Ya pili ni maji, maana nyika ya Taru ni kavu, na mnyama avutaye mzigo hawezi kushinda na kiu. Ya tatu ni reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo mfanyabiashara hakuwa na haja ya kungoja maksai.

Hasara haikuwa ya njia peke yake. Eldama Ravine, kilichokuwa kituo kikubwa cha safari, kiliachwa kando na reli, na biashara ikastawi Nakuru.

Basi wenyeji wa mahali popote watakiwapo kutoa sehemu ya mashamba yao kwa ajili ya barabara, na waulize mapema: Ni nani atakayepita? Atapita na chombo gani? Na mvua ikiisha kuiharibu, nani ataitengeneza? Yasipojibiwa hayo, shamba limekwenda na barabara haikupatikana.