Kifungo Chini ya Mguu wa Kushoto

Wengi wenu mmezoea motokaa za siku hizi, ambazo dereva hushusha mwanga kwa kugusa kijiti kilicho karibu na usukani. Sisi twaendesha gari kuukuu la mizigo, tuliloachiwa na marehemu baba yetu mkubwa. Ndani yake hamna kijiti hicho. Sakafuni, kushoto kwa klachi, kuna kifungo cha chuma cha kukanyagwa. Ukikikanyaga chalia "tak!" na mwanga mrefu wageuka kuwa mfupi, ukikanyaga tena, warudi. Wengine hudhani taa hupunguzwa nguvu, kama tuteremshavyo utambi wa fanusi. Sivyo. Katika taa mna nyuzi mbili. Kifungo huuondoa umeme katika uzi mmoja na kuupeleka katika wa pili, unaoangaza chini, karibu na gari.

Magari ya Marekani yaliundwa hivyo kwa miaka mingi, na mengine yalikuwa na kifungo hicho hata katika miaka ya 1980. Volkswagen ile ndogo yenye mgongo kama wa kobe ilikuwa nacho pia, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Faida yake ni kwamba mikono yote miwili hubaki katika usukani, jambo jema katika njia zetu zenye mashimo. Lakini mguu uleule una kazi ya klachi, na mlimani huwezi kuutumikisha mahali pawili. Tena kifungo hukaa pale pale viatu vinapodondosha matope.

Baba mkubwa alikuwa akikifungua kila masika, akikisafisha na kukipaka grisi. Sisi tulimcheka kidogo, tukidhani ni mazoea ya uzee tu.

Basi, usiku mmoja tulikuwa tukitoka Lubumbashi kwenda Likasi. Mbele yetu akatokea mtu akisukuma baiskeli yenye magunia ya makala, kama wafanyavyo wengi katika njia ile. Tukakanyaga. Hakuna "tak". Kifungo kilikwama katikati, taa zote zikazimika. Tukakanyaga kwa nguvu, na mwanga mrefu ukarudi wote usoni pake. Akainua mkono kuyakinga macho, baiskeli ikamponyoka, ikaingia mtaroni pamoja na mzigo.

Kwa neema ya Mungu alichubuka goti tu. Tuliokota makala pamoja naye, tukimulikwa na taa zile zile, wala hapana aliyesema neno. Tulipotoa fedha, alipokea bei ya gunia lililopasuka, hakutaka zaidi. Kisha akauliza: "Baba, ulijua taa yako ni mbovu?"

Tulijua. Tangu majuma mawili kifungo kilikuwa kizito.

Kesho yake tulikifungua. Shaba ya ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tuliisugua kwa msasa, tukatia grisi, na sasa kila jioni kabla ya safari twaielekeza taa ukutani, mtoto wetu akipaza sauti: "Juu! Chini!"

Tumekutana na yule mtu mara mbili tangu usiku ule. Mara zote mbili tulikanyaga mapema, na mwanga ukashuka vizuri. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuingia majanini na baiskeli yake, ametupa mgongo, akingoja tupite.