Niliacha Kitu na Boksi, Nikachukua Besi ya Mtumba

Ndugu wasomaji,

Mhariri wetu aliniomba niandike kuhusu bendi ya wanafunzi, lakini nikaona bendi mnaisikia wenyewe kwenye sherehe, uzuri wake na ubaya wake mnaujua. Afadhali niwasimulie jambo lililonipata mimi mpiga besi: jinsi nilivyoachana na gitaa langu la kwanza la bei poa, nikanunua la pili lililokwisha kutumika. Hata kama hujawahi kushika gitaa, vumilia kidogo, maana habari hii inagusa mifuko yetu sote.

Nilipokuja kusoma masta, ufadhili wangu ulikuwa Yuan 3,000 kwa mwezi, kile kiwango mnachokijua wenzangu tunaosomeshwa na serikali ya China. Ada imelipwa, hosteli imelipwa, inabaki kula, simu, nauli, na kile kidogo cha kutuma nyumbani. Nilipotimiza miezi mitatu nikanunua gitaa la besi jipya kabisa, kitu na boksi, kwa kwai 480, pamoja na mkoba, waya na mkanda wa begani. Nilipolitoa linanukia rangi nikajiona mfalme. Nyumbani nilijifunzia besi ya kanisani iliyokuwa na nyuzi tatu, kwa hiyo kwangu mimi nyuzi nne zilikuwa anasa.

Na tuseme ukweli, mji huu wa Guangzhou unatuharibu. Huku ndiko wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanakofuata mzigo. Ukikaa hapa unazoea kuona kila kitu ni kipya na bei iko chini, mpaka unaanza kufikiri kwamba kununua kitu kilichotumika ni kujishusha. Tunasahau kwamba wengi wetu tumekua tukivaa mitumba ya Karume, Gikomba na Owino, na tulipendeza.

Sasa bwana, kama umeshakaa hapa mwaka mzima, unaijua ile hali Wachina wanayoiita huinantian. Kati ya Februari na Aprili hewa ya joto yenye unyevu inakuja kutoka kusini, inakutana na kuta ambazo bado zina baridi, basi kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, na nguo zinakaa kambani siku nne bila kukauka. Shingo ya gitaa ni mti, na mti unakunywa unyevu. Juu ya hapo kuna nyuzi. Nyuzi nne za besi zikikazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana. Ndani ya shingo huwa kuna chuma chembamba kinachopingana na nguvu hiyo, na kina skrubu ya kukirekebisha. Cha gitaa langu nilikizungusha kulia, nikakizungusha kushoto, wala hakikukaza wala hakikulegeza. Kilikuwa pambo.

Ikafika Aprili 26, sherehe ya Muungano. Wimbo wa kwanza tukaumaliza salama. Wa pili, uzi wa Mi ukaanza kushuka. Naukaza, unashuka. Uzi wa Sol nao ukawa unalia kama mtu anayegonga kopo. Mpiga solo akanitupia jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Kufika wimbo wa nne nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nikapunguza sauti ya gitaa langu mpaka sifuri, nikawa nacheza kwa vidole na kutikisa kichwa mpaka mwisho wa shoo. Watu wakapiga makofi, tukapiga picha. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mbona besi imepotea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kesho yake nikampigia mama. Nilikuwa na akiba ya kwai 1,400, na sehemu yake nilikuwa nimemwahidi za kumalizia bati za jiko. Nikaanza kuzunguka, mara gitaa limeharibika, mara wenzangu wananitegemea.

"Hilo ulilonalo lina nini?" akauliza.

"Baya, mama."

"Gitaa ndilo baya, au mpigaji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Swali hilo nililibeba mpaka Xiaobei. Kutoka huku Daxuecheng unapanda metro laini ya 4, unabadilisha Chebeinan kuingia laini ya 5, unashuka Xiaobei. Kabla ya kupanda, gitaa linapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama mzigo wa uwanja wa ndege. Mlinzi ananiuliza ni kitu gani, nami najibu kwa kupiga nyuzi za hewani.

Pale Xiaobei alikuwapo Mkongo mmoja wa Lubumbashi, mchana anauza nguo, usiku anapiga besi. Sote tulimwita Yaya, maana kwao ndivyo wanavyomwita kaka au dada mkubwa. Baada ya 2020 Waafrika wengi walikuwa wameondoka mtaa ule, kazi za muziki alizokuwa akizipata zikakauka, na yeye mwenyewe alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nikamweleza maradhi ya gitaa langu kama mgonjwa mbele ya daktari. Akanyoosha mkono nimpe.

Akakaza nyuzi, akapiga rumba. Jamani! Gitaa lile lile la kwai 480 likazungumza. Sisemi lilikuwa tamu, kopo lilikuwa bado lipo, lakini yeye alikuwa analikwepa. Alipiga sehemu za shingo ambako nyuzi hazikwaruzi, akanyamaza pale ambapo mimi ningejaza sauti, na uzi uliposhuka aliusukuma kwa kidole ukarudi mahali pake. Alipomaliza akanirudishia.

"Mudogo yangu, hii gitare iko mubaya," akasema. "Lakini na weye bado."

Kumbe jibu la swali la mama lilikuwa yote mawili. Nikiwa kwenye metro kurudi chuoni nilitafakari maneno yale, na nikaona tofauti yangu na Yaya. Yeye akisikia sauti mbaya anajua papo hapo kama kosa ni lake au ni la chombo. Mimi sijui. Mwanafunzi mwenye chombo kibovu anaishi katika mashaka hayo kila siku. Akiwa mnyenyekevu, atajilaumu kwa makosa yasiyo yake mpaka akate tamaa. Akiwa na kiburi, atalisingizia gitaa hata kwa makosa yake mwenyewe, na hatajifunza kitu. Mimi nilikuwa wa aina ya pili. Nilitaka gitaa ambalo litaninyima kisingizio.

Wiki mbili baadaye Yaya akaniuzia la kwake, Yamaha BB434 alilolipiga miaka minne. Lilikuwa na mikwaruzo mgongoni na rangi imelika pale anapoweka mkono, lakini shingo ilikuwa imenyooka. Tulikubaliana kwai 1,900, nitoe 1,300 siku ile na 600 posho ikiingia. Kabla sijatoa hela akanizuia. Akasema nilikague kama vile simjui wala simwamini, ili siku nyingine nikinunua kwa mtu baki nisiibiwe. Aliyonifundisha ndiyo haya, nanyi yashikeni.

Kwanza, inua gitaa uiangalie shingo kwa jicho moja kutoka mwisho wake, kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Iwe imenyooka, au imepinda kidogo sana kwa mbele. Ikiwa imejipinda kama kamba inayosokotwa, rudisha, asante kwaheri. Pili, piga kila freti kwenye kila uzi, moja baada ya nyingine, bila haraka hata muuzaji akinuna. Tatu, angalia freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya uzi: sauti yake lazima iwe ile ile ya uzi mtupu, ila imepanda. Ikienda kombo na daraja la nyuzi halirekebishiki, gitaa hilo halitaimba na wenzake. Nne, chomeka kwenye amplifaya, zungusha vitufe vyote na utikise waya pale unapoingia. Mkwaruzo kidogo huenda ni vumbi, ila sauti ikikatika kuna kazi ya kulehemu, na bei ishuke. Tano, kaza nyuzi, piga kwa nguvu dakika tano, halafu pima tena. Mwisho, muulize mwenyewe kwa nini anauza, kisha nyamaza umwache aongee.

Kama unanunua kwenye Xianyu, lile soko la Alibaba la vitu vilivyotumika, utaratibu wake ni kwamba pesa inashikiliwa na Alipay mpaka uthibitishe kuwa mzigo umekufikia. Basi akitokea muuzaji anayetaka umlipe pembeni kwa WeChat eti akupunguzie bei, mkimbie.

Nilipokuwa nayafanya yale yote mbele ya Yaya, nilijiona mjinga. Pale Karume hakuna anayenunua shati bila kugeuza kola na kuangalia kwapani. Mtumba tunaukagua kwa sababu tunajua una historia. Lakini kitu kipya hatukikagui, boksi linatutosha. Lile gitaa la kwai 480 sikuligeuza hata mara moja dukani. Ningeliangalia shingo yake kwa jicho moja tu, ningeona.

Sitaki kuwaficha gharama. Bati za mama zilichelewa miezi miwili, na mvua ikamkuta. Mimi mwenyewe nilikula tambi za maji ya moto mpaka harufu yake ikanichosha. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Mwenye mdogo wake anayesubiri ada shuleni asiende kununua gitaa kwa sababu ya makala hii.

Na msidhani nilishika gitaa zuri nikawa bingwa. Wiki ya kwanza nilipiga vibaya kuliko zamani. Lile la mwanzo sauti yake ilikuwa ya kuvurugika, makosa yalijificha humo. Hili la pili kila nota inatoka peke yake, imesimama, na ikichelewa kila mtu anaisikia. Nilijirekodi nikagundua ninakimbia: kila tukifika kwenye kiitikio nawaacha wenzangu nyuma. Mwaka mzima nilikuwa nawalaumu wapiga ngoma!

Nikaanza upya. Kila jioni nilikuwa nafuatiliza nyimbo za Les Wanyika, ile bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978, nikimsikiliza Tom Malanga kwenye besi. Zisikilizeni vizuri. Besi yake haina papara, inatembea kama mtu anayejua nyumba anayokwenda, na kuna mahali inanyamaza kabisa ukabaki unaingoja. Muziki wetu wa dansi haukuiweka besi nyuma ya pazia. Inajibizana na gitaa la solo kama watu wawili kibarazani. Kwenye gitaa la zamani nilikuwa siwezi kujua kama kunyamaza kwangu ni kwa makusudi au uzi umegoma.

Aprili iliyofuata tukapiga tena sherehe ya Muungano, katika unyevu ule ule. Nilikaza nyuzi mara moja tu, mwanzoni. Sauti sikuipunguza mpaka wimbo wa mwisho. Usiku nikamtumia mama video.

Akajibu: "Mmependeza. Lakini mbona wewe sikusikii?"

Moyo ukanipasuka. Halafu nikakumbuka: uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Nikamwomba aazime kwa mpwa wangu zile spika za masikioni. Nikakaa kitandani nikingoja. Baada ya muda akaandika tena:

"Sasa nakusikia. Umekosea mara moja, pale katikati."

Alinihurumia, nilikosea mara mbili. Lakini zote mbili zilikuwa zangu, gitaa halikuhusika.

Yaya alisharudi Lubumbashi. Lile gitaa la kwanza bado liko juu ya kabati langu la hosteli. Washikaji wananiuliza kila mara kama naliuza, hasa wa mwaka wa kwanza, nami nawajibu kwamba siwezi kumuuzia mwenzangu yale mashaka. Anayetaka kujifunza aje Jumamosi jioni tunapofanyia mazoezi. Atashika hili zuri, lenye mikwaruzo.

Masomo mema, na tuonane ukumbini.

Wenu,
Mpiga besi