Baada ya Makofi

Nilipokuwa kidato cha tatu niliwasilisha mbele ya darasa maudhui ya uongozi mbaya katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Nilipigiwa makofi, nikaketi nikijiona bingwa. Jioni nilijaribu kuandika hoja nilizotoa. Nikapata moja tu: Majoka ni katili. Nilikuwa nimeirudia kwa maneno tofauti dakika kumi nzima! Ushahidi wenyewe, yaani kufungwa kwa Soko la Chapakazi, sikuutaja. Makofi yalikuwa ya sauti yangu, si ya hoja.

Nawe ukimaliza kuwasilisha, chukua kalamu ujiulize: Nimetoa hoja ngapi? Kila hoja ina mfano gani kitabuni? Mtahini hasikii sauti yako, husoma ulichoandika.