Vuka Songwe kwa Gharama Ndogo



Watu wengi hudhani kutembelea nchi za nje ni jambo la matajiri. Sivyo. Nchi ya nje si lazima iwe Ulaya. Kwa sisi tunaokaa Mbeya, Rungwe na Kyela, nchi ya nje iko ng'ambo ya mto Songwe. Ukivuka daraja pale Kasumulu, umeingia Malawi. Mji wa Karonga uko kama kilomita 50 tu kutoka hapo.

Kuna nini Karonga? Kuna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2004. Ndani yake utaona umbo la mifupa ya mnyama mkubwa wa kale, ambaye masalio yake yalichimbwa katika wilaya hiyo. Kuna ziwa letu Nyasa, ambalo wao huliita Ziwa Malawi. Kuna mashamba ya mpunga. Mchele wao unaosifiwa sana huitwa Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Ugali huuita nsima. Ukijua Kinyakyusa utaelewana na watu wengi, kwa sababu Kingonde cha Karonga ni lugha ndugu.

Sasa tupange safari.

Kwanza, fedha. Usiuze chakula cha watoto ili utembee. Mimi ni Bwana Shamba, na kila mwaka naona jambo hili. Mtu huuza mahindi yote mwezi Julai kwa bei ya chini. Mwezi Februari hununua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Pima kwanza chakula cha nyumbani mpaka mavuno yajayo. Tenga mbegu na fedha ya mbolea. Kinachobaki ndicho cha matembezi. Tuseme safari yenu inahitaji shilingi 240,000. Ukiweka shilingi 20,000 kila mwezi, baada ya miezi 12 umezipata bila kugusa ghala. Lakini kaeni pamoja, baba na mama, mkubaliane kabla ya kuanza kuweka.

Pili, hati. Nenda Ofisi ya Uhamiaji mapema. Chukua kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Pasipoti mpya za kielektroniki zilipoanza mwaka 2018, ada ilikuwa shilingi 150,000, na pasipoti hudumu miaka 10. Kwa hiyo gharama hiyo si ya safari moja. Ulizia pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Uliza ada ya sasa, na udai stakabadhi. Kisha nenda kituo cha afya uulize habari za chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016, chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote.

Tatu, wakati. Nenda baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Kazi za shamba zimepungua na mvua hazisumbui. Kumbuka kwamba saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kyela ikiwa saa nne, Karonga ni saa tatu. Usije ukaachwa na gari wakati wa kurudi.

Nne, kubadilisha fedha. Malawi hutumia kwacha. Mpakani watakuja vijana wenye mabunda ya noti mkononi. Usiwape fedha yako. Nenda benki au duka lenye leseni. Thamani ya kwacha hubadilika. Mwezi Novemba 2023 ilishushwa sana kwa siku moja. Kwa hiyo badilisha kidogo kidogo, na uhesabu noti zako kabla ya kuondoka dirishani.

Tano, na hili nalisisitiza: usirudi na miche. Migomba mingi ya Malawi imeharibiwa na ugonjwa unaofanya majani kusongamana juu na kuwa mafupi. Mgomba wenye ugonjwa huo hautoi ndizi nzuri, na hauna dawa. Ugonjwa huenezwa na wadudu mafuta na miche. Chipukizi moja ndani ya mfuko wako linaweza kuingiza ugonjwa Rungwe nzima. Hata mazao mengine, uliza kwanza mpakani. Mwaka 2025 nchi hizi mbili ziliwahi kuzuiana mazao, kisha zuio la upande wetu likaondolewa. Masharti hubadilika.

Mwisho, chukua daftari na kalamu. Umejifunza kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Andika nauli, chakula na malazi, kila siku jioni. Andika pia ulichokiona: wanavyopanda mpunga, wanavyokausha samaki, wanavyouza. Ukirudi, wasomee wenzako kijijini. Nao watajua gharama ya kweli, na mwakani watapanga safari yao bila kubahatisha.