Boksi la kuran tulilojitengenezea

Wengi mnaopita kwenye chumba chetu cha kusomea mmetuuliza juu ya lile boksi jeupe lililo pembeni ya ampli. Mnauliza limetoka duka gani, tena mnauliza kama halitaunguza nyumba. Maswali yote mawili ni ya haki. Juma hili tunayajibu.

Kikundi chetu kina wamama 34. Jumanne na Alhamisi, wanafunzi wakisha kurudi kwao, tunaingia katika darasa moja la shule kujifunza kusoma na kuandika. Jumamosi tunaweka akiba na kukopeshana. Darasa lile lina paa la mabati, na huku Bukavu mnajua wenyewe: tangu Septemba hadi Mei mvua haituachi. Ikianza kupiga mabati, mwalimu hasikiki hata kwenye benchi la tatu. Wanaoumia zaidi ni wamama wazee. Mama asiposikia herufi huona haya kuuliza mara ya pili, na juma linalofuata hatumuoni tena. Watano walituacha namna hiyo kwa mwaka mmoja.

Basi tukawa tunakodi sauti. Kijana mmoja wa kartie alileta ampli, bafle na jenereta yake kwa dola 5 kila mchana. Michana 8 kwa mwezi ni dola 40, na pesa hiyo ilitoka katika mfuko wetu wa msaada, ule unaotusaidia wakati wa ugonjwa, msiba na uzazi. Kisha mwenzetu mmoja akazaa kwa kupasuliwa. Mfuko ulipofunguliwa, kilichokuwamo hakikufika hata nusu ya deni. Alibaki pale alipozalia siku sita zaidi, mtoto kifuani, hadi tulipochanga nyumba kwa nyumba. Tangu siku ile hakuna mama aliyetaka kusikia tena habari ya kukodi. Lakini pia hakuna aliyetaka masomo yafe.

Ampli tulikuwa nayo tayari, ndogo, ya wati 5, ambayo kaka wa mmoja wetu alituachia. Wati 5 zinatosha kabisa kwa darasa moja, kama bafle ni nzuri. Kilichokosekana ni chakula chake. Ampli ile inataka volti 12 za kuran inayokwenda upande mmoja tu, kama ya betri. Ukutani zinatoka volti 220, tena kuran inayogeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiiunganisha moja kwa moja, umeiua. Tulijaribu chaja moja ya bei rahisi kutoka sokoni. Siku ya kwanza ilivuma kama nyuki kuliko sauti ya mwalimu, na siku ya pili kuran ilipopanda, ikanuka na kunyamaza.

Sisi tulio walimu katika kikundi tulisoma habari hizi katika fizikia, kwa chaki na ubao. Fundi redio mmoja anayefanya kazi karibu na soko la Kadutu alizijua kwa mikono. Tukakubaliana naye: upande wa volti 220 ataufanya yeye, upande wa volti ndogo tutaufanya sisi na wasichana wawili wa darasa la mwisho la sekondari, yeye akiangalia.

Kazi ya boksi lile haizidi akili ya mama anayeendesha nyumba. Kwanza kuna transfo, inayoteremsha volti 220 kuwa volti chache. Halafu diode nne. Diode ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Zikipangwa nne, kuran inayokwenda na kurudi inatoka ikienda upande mmoja. Lakini bado inakuja kwa kusukumasukuma, mara 100 kwa sekunde, na huo ndio ule mvumo wa nyuki unaosikika kwenye bafle. Hapo inaingia kondansateri. Fikirini pipa la maji nyumbani. Maji ya robine yanakuja na kukatika, lakini anayechota kwenye pipa hajui kama robine imekatika. Kondansateri ni pipa hilo. Mwisho ni regilateri, kidude chenye miguu mitatu kiitwacho 7812. Huyo ni mama mwenye kopo la Guigoz sokoni: gunia likiwa limejaa au limepungua, yeye anakupimia kopo lilelile, volti 12.

Neno lililotuchukua muda mrefu ni transfo. Fundi alikuwa na mbili, moja ya volti 12 na nyingine ya volti 15. Sisi tulitaka ile ya 12, kwa kuwa ampli inataka 12. Akatuambia tupime kwanza kuran ya darasani saa kumi na moja jioni, wakati kila nyumba inapowasha majiko. Kipimo kikaonyesha 180 mahali pa 220. Tukarudi, tukapiga hesabu pamoja na wale wasichana. Regilateri inahitaji kupokea karibu volti 14 ili itoe 12 zilizo safi. Kwa kuran ya 180, transfo ya 12 ingeleta kama 12 na nusu tu baada ya diode, na nyuki wangerudi. Ile ya 15 inaleta karibu 16. Tukachukua ya 15. Ina bei yake: kuran ikiwa nzima, regilateri inabaki na volti nyingi za kutupa, na inazitupa kwa joto. Ndiyo maana tumeifunga juu ya kipande cha aluminiamu kilichokatwa kwenye sufuria kuukuu. Na kwa kuwa kuran ikipanda volti zinapanda nazo, kondansateri tulichagua ya volti 35, si ya 16.

Matumizi yalikuwa hivi: transfo iliyotoka kwenye mashini mbovu dola 6, diode 1, kondansateri 2, regilateri 1, fizibo na nyumba yake 1, waya na fishi 3, mkono wa fundi 5. Jumla dola 19. Ni chini ya michana minne ya kukodi.

Sasa swali la moto. Katika kikundi chetu kuna mama mmoja ambaye nyumba yake ya mbao iliteketea Kadutu, pamoja na nyumba za majirani. Mnajua jinsi nyumba zetu zinavyoshikana kwenye mteremko. Moja ikiwaka, avenyu nzima inalia. Siku tulipoleta habari ya boksi alisimama na kusema: «Mnataka kuleta ndani kile kilichonifukuza kwangu.» Hatukumjibu kwa maneno matamu. Tulimwomba aweke masharti yake, na fundi akayasikiliza moja moja. Mengine alikuwa nayo tayari kichwani, mengine yalimfanya atafute upya.

Masharti ni haya. Fizibo ipo mahali kuran inapoingia, chini ya nusu ampere, na ikikatika inabadilishwa kwa nyingine kama hiyo. Hakuna kufunga uzi wa shaba mahali pake, kama tunavyoona katika nyumba nyingi. Uzi huo haukatiki. Kinachokatika ni nyumba. Boksi ni la plastiki ngumu, maana darasani hakuna waya wa kushuka ardhini, na boksi la chuma lingeweza kumpiga mama anayeligusa. Lina matundu ya hewa, na linakaa juu ya saruji. Haliwekwi juu ya meza ya mbao, wala halifunikwi kitambaa hata kama ni kizuri. Waya za 220 zimefunikwa kote, kidole cha mtoto hakipiti. Boksi halifunguliwi likiwa kwenye kuran, na hata likisha kutolewa linangojewa, kwa sababu kondansateri inabaki na akiba yake. Masomo yakiisha, fishi inatolewa ukutani. Anayeshika ufunguo wa kabati la ampli ni mama yuleyule aliyepinga. Kabla ya kufunga darasa yeye huweka kiganja juu ya boksi. Likiwa vuguvugu anaendelea. Siku likiwa moto wa kuchoma, hatutumii tena mpaka fundi alione.

Siku za kukatika kuran tunatumia betri ya pikipiki ya volti 12, kwa kuwa ampli ni ileile. Tunaunganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, na mmoja anasoma rangi kwa sauti wakati mwingine akifunga. Hata hilo limekuwa somo la kusoma.

Wasichana wawili wale, baba wa mmoja alikuja kuuliza kwa nini binti yake anarudi na harufu ya risasi ya kulehemu. Tulimwonyesha daftari lake la hesabu, kurasa tatu za volti. Alisoma kimya, kisha akauliza kama anaweza kuangalia redio yake iliyolala miaka miwili. Binti aliitengeneza. Baba sasa anamwita «fundi» mbele ya wageni.

Kati ya wamama watano walioacha, watatu wamerudi. Dola 40 za kila mwezi zinabaki mfukoni, na mwezi uliopita mama mwingine alizaa. Alitoka siku ileile aliyoruhusiwa.

Kikundi kinachotaka kufanya hivi kisianze na waya, kianze na mambo matatu: fundi anayekubali kuulizwa maswali, kipimo cha kuran ya mahali penu saa za jioni, na mama mmoja anayeogopa moto, mpewe masharti yake. Sisi tupo kila Jumanne na Alhamisi mchana. Njoni mguse boksi wenyewe, na mlete wasichana wenu.